Mgeni Mwenye Nta Vidoleni

Mkaguzi alikuwa hajamaliza hata nusu ya maji aliyokaribishwa nayo alipoielekeza kalamu yake pembeni ya chumba na kuuliza, "Na huyu mama, yeye anafanya nini hapa?"

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kuliko fundi alivyoomba. Mkaguzi huyo, mwanamke mwembamba mwenye viatu vilivyolika upande mmoja, alikuwa ametumwa na duka lililoagiza vimkoba arobaini vya ngozi, vile vidogo ambavyo mkanda wake hukatiza kifuani ukaiacha mikono huru. Duka lenyewe lilikuwa na masharti kama ya mganga. Ngozi iwe imelainishwa kwa magome ya miti, si kwa dawa za viwandani. Maji ya rangi yasimwagwe mtaroni. Mtoto asiguse kazi. Na kila mtu mzima anayekishika kimkoba, hata kama ni kukata uzi tu, jina lake liwe kwenye orodha, na malipo yake, na sahihi yake.

Mkaguzi alikuwa ameinusa ngozi, akaidondoshea tone la maji na kulitazama likizama na kuacha doa jeusi, ishara ya ngozi ya magome, akaridhika. Alikuwa amefunua ndoo ya maji ya rangi. Alikuwa amesoma orodha yenye majina matatu: fundi mwenyewe, mumewe ambaye ndiye mkataji, na jirani wa kwenye cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Majina matatu, na chumbani walikuwemo watu wanne, achilia mbali mkaguzi.

Wa nne alikuwa mama mkwe wa fundi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha chini karibu na dirisha, kimkoba kimebanwa magotini, mfupa mkononi, akisugua ukingo wa ngozi. Kwa miezi minane hakuna kimkoba kilichotoka nyumba ile bila kupita mikononi mwake mwisho kabisa. Ila kumwandika hakuna aliyefikiria. Nani anamwandika mama mkwe wake kwenye orodha ya vibarua? Kwa fundi hilo lingekuwa utovu wa adabu, na fundi alikuwa amelelewa akalelewa.

"Huyo?" alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Huyo ni mgeni tu. Amekuja kututembelea. Anajishikashika hapo kupoteza muda."

Sauti ya mfupa kwenye ngozi ilikoma. Redio, ambaye kwa kawaida hata kikohozi cha mtu hakimpiti bila neno, alitazama sindano ya cherehani. Mkataji aliinamia meza kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Karibu sana, mama," mkaguzi alimwambia yule mzee.

"Nimekaribia," mama mkwe alijibu.

Mkaguzi alimtazama kidogo, akaandika neno ambalo fundi hakuweza kulisoma kutoka alipokaa, akafunga faili. Alisema angerudi Alhamisi asubuhi kuona mzigo uliokamilika, na siku hiyo ndiyo angetoa jibu. Duka likiridhika, wangepewa mkataba wa mwaka mzima, vimkoba arobaini kila mwezi. Lisiporidhika, mzigo huu ungekuwa wa kwanza na wa mwisho.

Mara mlango ulipofungwa, mama mkwe alikiweka kimkoba mezani, akaweka mfupa juu yake, na kipande cha nta pembeni. Kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni, polepole, mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa saa tano asubuhi ya Jumatatu.

"Mama," fundi alisema.

"Naam, mwenyeji wangu," mama mkwe alijibu.

*

Kama angegomba, ingekuwa nafuu. Angerusha hata kijiko, fundi angejua pa kuanzia. Lakini mama mkwe hakugomba. Aliamua kuwa mgeni, na ugeni akaujulia kuliko wageni wote waliowahi kupita pale.

Alihama kwenye kiti chake cha chini akakaa kwenye kochi, miguu pamoja, mikono mapajani. Kabla ya kuingia jikoni alibisha hodi na kusubiri karibu. Chakula kilipoletwa alisema, "Mmejisumbua bure," akala nusu, akakiacha chombo palepale. Jioni aliuliza angelala wapi, ilhali kile chumba cha nyuma alikuwa amekilalia miaka sita.

"Mama, jamani," mwanawe alisema.

"Nauliza tu, mwanangu. Mgeni hajipangii."

Jumanne asubuhi fundi alipomtupia jicho la kuomba msaada, mama mkwe alitikisa kichwa kwa upole. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Na mimi jana ndiyo kwanza mmenitambulisha."

Redio alicheka hadi akakosa pumzi, kisha akaona uso wa fundi akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kulikuwa na vimkoba kumi na vinane ambavyo havijafanyiwa kingo. Fundi aliketi kwenye kile kiti cha chini akajaribu mwenyewe. Alikuwa amemtazama mama mkwe mara elfu: unalowesha ukingo kidogo, unasugua kwa mfupa haraka haraka mpaka upate joto, unapitisha nta, unasugua tena kwa kitambaa mpaka ung'ae kama kucha. Kutazama ni kitu kimoja. Ukingo wa kwanza ulivimba kwa maji. Wa pili ulichanika nyuzinyuzi. Wa tatu nta iliganda juu yake vipande vipande.

"Mama anasikilizaga," Redio alimwambia kutoka kwenye cherehani. "Anasema ngozi ikishapata joto inabadili sauti."

"Sauti gani?"

"Mie nitajuaje, dada? Mie naongea, sisikilizi."

Kufikia jioni fundi alikuwa amemaliza vimkoba vinne, na vyote vinne angeona aibu kumuuzia hata adui. Vidole vilimuuma. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kile kimya cha kwenye kochi, maana katika miaka sita ya ndoa yake mama mkwe hakuwahi kumwonyesha ubaya. Ndiye aliyemshika mkono alipojifungua mtoto ambaye hakuishi. Ndiye aliyetoa wazo la kuondoa makochi mawili sebuleni na kuweka meza ya kazi, siku mumewe aliporudi kutoka ghala la magunia amejipinda, na daktari akasema mgongo ule usibebe tena hata ndoo. Meza na kisu ndiyo kazi pekee ambayo mgongo ule uliikubali. Kwa hiyo fundi alikuwa amesema uongo kwa ajili ya mgongo wa mwana, na ameuchoma moyo wa mama.

*

Akafikiri labda ni pesa. Ni wazo la mtu aliyebanwa, na yeye alibanwa kweli. Jumatano mchana alichukua bahasha, akatia humo kiasi kilekile alichomlipa Redio kwa mwezi, ingawa kiasi hicho kilikuwa cha kununulia ngozi. Akaifunika kwa kitambaa cha meza, akamfuata mama mkwe chumbani, akapiga magoti.

"Mama, nimekukosea. Pokea hiki kidogo."

Mama mkwe alifunua kitambaa. Alipoiona bahasha, uso ulimbadilika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ule ugeni ulimtoka.

"Unanilipa?"

"Siyo kwamba nakulipa, Mama, ni..."

"Ni nini sasa? Kama hunilipi, ni sadaka. Umeifunika ili nani asione? Mumeo? Redio?" Aliirudisha bahasha kwenye kitambaa na kuikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Juzi nilikuwa mgeni, leo nimekuwa ombaomba. Kesho sijui nitaamka nani. Gari za kwenda kwa binti yangu zinaondoka saa ngapi?"

Fundi alitoka mle chumbani hajui hata alivyofika mezani. Mumewe aliweka kisu chini.

"Anaondoka," fundi alisema. "Anakwenda kwa wifi. Kesho."

Mkataji hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo aliyatumia kumtania mkewe kwa kumwita Bosi. Safari hii hakutania.

"Bosi," alisema, "ukimwambia yule mkaguzi kweli, tutakosa kazi?"

"Tutakosa. Imeandikwa. Mtu asiyekuwa kwenye orodha akikutwa anafanya kazi, wanakata."

"Na usipomwambia?"

"Tutapata kazi. Kama atazikubali hizi kingo zangu." Alimwonyesha kimkoba kimoja. Mumewe alikishika, akakigeuza, akakirudisha mezani bila kusema lolote, na hiyo ilikuwa heshima.

"Mgongo nitaubeba mwenyewe," alisema baadaye. "Nitatafuta hata ulinzi wa geti. Lakini mama yangu hatuwezi kumwita mgeni mara mbili."

Redio alikuwa palepale, na kusema jambo mbele ya Redio ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Lakini siku ile alifunika cherehani yake, akachukua kanga yake, akaenda zake nyumbani, na mtaa haukusikia kitu.

*

Alhamisi saa tatu mkaguzi alibisha hodi. Begi la safari la mama mkwe lilikuwa mlangoni, naye mwenyewe kwenye kochi na gauni lake la kutokea. Gari lilikuwa la saa sita.

Fundi hakumsubiri hata akae. Alijua akisubiri, ulimi ungemrudi tumboni.

"Dada yangu, Jumatatu nilikudanganya. Huyu si mgeni. Ni mama mkwe wangu, anaishi hapa. Kingo zote ulizoziona ni kazi yake. Anafanya kazi kila siku, miezi minane sasa, na sijawahi kumlipa hata senti. Wala kwenye orodha simo... hayumo, namaanisha. Kosa ni langu, si lake wala la mume wangu."

Akashika ukingo wa meza.

Mkaguzi aliketi, akafungua faili, akatafuta ukurasa. "Nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua?"

"Mgeni gani ana nta mpaka kwenye vifundo vya vidole?" Aliinua kichwa. "Nilikupa siku tatu nione utaniambia nini. Sasa nahitaji kuzungumza na mama mwenyewe, na ninyi mnyamaze. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa kuna mtu anakulazimisha kufanya kazi?"

Mama mkwe alimtazama mkaguzi, akamtazama fundi aliyeshikilia meza kama abiria, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na fundi aliposikia tu macho yakamjaa machozi.

"Huyu anilazimishe mimi? Huyu hata paka wa jirani hawezi kumfukuza."

"Unaumwa? Macho, mikono?"

"Macho yananipa shida jioni. Jioni sifanyi."

"Na kulipwa? Ungependa kulipwa, au unaona ni msaada wa nyumbani?"

Mama mkwe alinyoosha gauni lake magotini. Mwanawe alitaka kusema kitu, mkaguzi akamnyamazisha kwa kalamu.

"Nikwambie kitu, mwanangu," mama mkwe alianza. "Nimefua, nimepika, nimelea wangu na wa watu, nimeshona mashuka ya harusi mpaka sindano zimeisha ncha. Ahsante nimeambiwa nyingi. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuweka kalamu mbele yangu akasema, mama, saini hapa, hii ni haki yako. Jana huyu aliniletea bahasha chini ya kitambaa. Najua hakuwa na nia mbaya, mtoto wa watu, alichanganyikiwa. Lakini nilikasirika nikasikia joto masikioni. Pesa nazitaka. Nani hataki pesa? Ila nazitaka hapa mezani, siku moja na Redio, jina langu likisomwa."

Fundi alisikia kama amefunguliwa dirisha kifuani. Miezi minane alikuwa ameogopa kumtukana mama mkwe kwa kumlipa, kumbe mama mkwe naye miezi yote hiyo alikuwa ameogopa kujidhalilisha kwa kuomba. Wawili hao walikuwa wakila sahani moja kila siku.

"Mama, ningejua," alisema.

"Ungejuaje, na mimi sikusema?"

Mkaguzi alikuwa anaandika. Chumba kizima kilisikiliza kalamu. "Kuna makosa ya aina mbili," alisema bila kuinua macho. "Mtoto, au mtu anayelazimishwa: hapo nafunga faili na mimi ninaondoka. Mtu mzima anayefanya kazi kwa hiari yake lakini halipwi: hilo linarekebishwa. Anaandikwa leo. Analipwa kuanzia mwezi huu sawa na wenzake. Ya miezi minane analipwa kidogo kidogo, na nitakuja kuangalia."

"Ya nyuma niwaachie," mama mkwe alidakia. "Ni watoto wangu."

"Haiwezekani, mama. Huo si uamuzi wako peke yako."

"Ala! Pesa yangu?"

"Pesa yako. Ukishaipokea na kusaini, wape hata yote."

Mama mkwe alilifikiria hilo, akaonekana kulipenda.

"Na mkataba?" Mkataji hakuweza kuvumilia tena. "Dada, mkataba?"

"Mkataba mnao. Mzigo huu nawaongezea wiki moja, maana..." Mkaguzi alichukua kimoja kati ya vimkoba vinne vya Jumanne, akapitisha kidole ukingoni, akakirudisha kwa staha. "Maana nimeona."

Mkataji alikaa chini kwa kishindo, kisha akakumbuka mgongo wake, akalia "Aii!" na kucheka kwa wakati mmoja. Redio alipiga kigelegele kilichomfanya mtu wa dukani ng'ambo ya barabara atoke nje kuchungulia. Fundi alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha nta, akajipaka weusi shavu zima, na hakuna aliyemwambia.

"Na uongo wangu?" aliuliza. "Huo unaandikwa wapi?"

"Fomu hii haina sehemu ya uongo," mkaguzi alisema. "Usirudie tu. Haya, mama, jina lako."

Mama mkwe alijinyoosha. Akataja la kwake, la baba yake na la babu yake, na mkaguzi akayaandika yote matatu bila kufupisha.

"Kazi?"

"Fundi wa kingo."

Kabla gari la saa sita halijaondoka stendi, gauni la kutokea lilikuwa limerudi msumarini, na mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake akigeuzageuza vile vimkoba vinne. "Nani aliyezitafuna kingo hizi?" aliuliza. "Ni panya?"

"Ni mimi, Mama."

"Njoo hapa. Sogea. Sikiliza." Alianza kusugua, na fundi akainama sikio likikaribia kugusa ngozi. Mwanzo ilikuwa sauti ya mkwaruzo. Kisha, joto lilipopanda, mkwaruzo ulififia, ikabaki sauti laini, nzito kidogo. "Hapo," mama mkwe alisema. "Hapo ndipo nta inapoitwa."

*

Mwisho wa mwezi walilipana mchana, mlango wazi. Mkataji alikuwa amepiga hesabu mara tatu, akakuta kwamba pamoja na deni la miezi minane wangeishi kwa kujibana mpaka mvua zijazo, lakini wangeishi. Aliyatamka hayo kwa furaha kiasi kwamba Redio alimuuliza kama ni kujibana ndiko alikokuwa akikuomba.

Redio aliitwa kwanza. Alisaini kwa mkato, akatia pesa kifuani, hakwenda popote. Mkataji akasaini. Kisha fundi akasoma majina matatu ya mama mkwe, yote, kwa sauti, na mama mkwe akasimama ingawa meza ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa.

"Naanzia wapi?"

"Hapa, Mama. Kwenye mstari."

Aliandika herufi moja moja, ulimi nje kidogo, mkono mmoja umeushika ukurasa usitoroke. Ilichukua muda. Alipomaliza alipokea pesa, akazihesabu, akazihesabu tena huku amekunja uso, na fundi akahisi ile hofu ya zamani inamnyemelea.

"Kuna kosa," mama mkwe alisema.

"Zimepungua, Mama?"

"Zimezidi." Alichomoa noti mbili, akaziweka mezani. "Jumatatu ile nilifanya mpaka saa tano, nusu siku ile ni yangu, nusu si yangu. Jumanne na Jumatano sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kochi. Nirudishie chenji ya hapo."

"Mama, siku zile sisi ndio tuliokukosea. Zichukue tu."

"Kukosea mlikosea, na nimeshawasamehe, hilo halina bei. Hii ni pesa ya kazi, na kazi sikufanya. Andika."

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Basi akazipokea zile noti kwa mikono miwili, akamrudishia chenji, akaandika kwenye daftari siku mbili na nusu, akaligeuza. Mama mkwe alisaini mara ya pili, na safari hii hakuuliza aanzie wapi.

Alizikunja pesa zake, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa, akaketi, akachukua mfupa na kimkoba cha juu kabisa kwenye rundo. Fundi alibaki amesimama palepale na daftari kifuani, moyo mwepesi, hajui aende wapi.

"Mwanangu," mama mkwe alisema bila kuinua kichwa, "unanizibia mwanga."

"Samahani, Mama," fundi alisema, akahamia upande wa pili wa meza.